Mwenye Kibanja Hayupo

Ijumbi, Muleba
4 Agosti 2024

Dada Benigna,

Waitu, huku tuko wazima kwa kiasi chetu. Mgongo wa Renatha umepona, sasa analalamikia goti. Yule mbuzi mweusi alizaa mapacha, mmoja akafa kwa ujinga wake mwenyewe, alitumbukia kwenye pipa la maji. Kahawa tumeianika na tunayaangalia mawingu kuliko tunavyoangaliana.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yangu imeharibika sehemu ya kusikilizia, siku hizi inaongea kwa spika tu. Nikipiga, mke wangu anasikia, jirani yangu Kahangwa anasikia, na nadhani hata mbuzi aliyebaki anasikia. Jambo lenyewe halitaki wasikilizaji. Barua atakuletea Esther anayeleta ndizi sokoni kwenu.

Annastella amepata mtu. Anaitwa Ndyamukama, fundi wa majokofu. Alikuja kwenye zahanati anakofanya kazi binti yangu kutengeneza jokofu la chanjo. Kazi ya saa mbili ilimchukua siku tatu, nami sikushtuka. Baba yake ni mzee Kagaruki wa Hamugembe, na wanataka kuja kujitambulisha kabla ya mwaka kwisha.

Wewe ndiye shangazi, na desturi unaijua. Kabla hatujawakaribisha, mtu wetu apite mtaani kwao, aangalie, asijulikane. Nataka kujua kama ni walevi, kama wana kifafa, kama mama mkwe akisema anasikika barabarani, na ukoo wao usije ukawa wetu. Tembea mchana, taratibu, kama mtu anayenyoosha miguu. Usihoji watu. Miaka ishirini na tisa ya ukarani wa mahakama imekuharibia sauti.

Mdogo wako,
Datius


Rwamishenye, Bukoba
1 Septemba 2024

Datius,

Barua yako ya tarehe 4 niliipata tarehe 27. Esther aliisahau chini ya mkungu uliokosa mnunuzi, ukaivia juu yake. Kuna doa la ndizi kwenye neno "walevi". Mimi ni mzima, presha mia na hamsini na tano. Akina mama wa jumuiya wamenichagua kuwa katibu siku ambayo sikuhudhuria.

Alhamisi nilitoka nyumbani saa nane mchana, nikashuka kwa miguu hadi Hamugembe. Nimekaa mji huu miaka thelathini na nne, na nimegundua kwamba nilikuwa najua njia nne tu: ya mahakamani, ya sokoni, ya kanisani na ya kwa daktari. Sijawahi kutembea bila kuwa na mahali pa kufika. Watu wawili walinipa pole. Walidhani nimetoka msibani.

Hamugembe niliona saluni iliyofunguliwa kwenye bucha la zamani. Zile kulabu za nyama hawakuzing'oa, wamening'inizia nywele za bandia. Niliona nyumba yenye ufa wa lile tetemeko la mwaka 2016, na mwenyewe ameandika tarehe kando ya ufa kwa rangi nyekundu, kama mtu anayehifadhi kielelezo cha kesi. Niliona bata sita wakivuka barabara, na bodaboda tatu zikiwasubiri kwa adabu ambayo sijawahi kuonyeshwa mimi.

Kuhusu kutojulikana, nilijulikana baada ya dakika kumi. Kuna mama anaitwa Asha, anakaanga samaki kwenye kona.

"Shikamoo, mama. Kwa akina Kagaruki ni lile geti la bluu."

"Sijauliza," nikasema.

"Najua hujauliza. Anayetafuta nyumba huuliza. Anayepeleleza posa ndiye anayetembea hivyo, anasoma kuta."

"Mimi nanyoosha miguu."

"Nyoosha, mama. Aliyekuja mwezi wa tano kwa jirani naye alinyoosha, na harusi imeshapita. Kaa hapa. Mabaya yao nianze na madogo au makubwa?"

Nilikaa. Mabaya makubwa hayakuwapo, ndiyo maana alianza na madogo. Mama mkwe, Kokuberwa, husikika barabarani mara moja kwa wiki, siku ya kufua. Mzee hunywa rubisi kwenye sherehe na hulala mapema. Kifafa hakuna. Ukoo wao si wetu, hilo nimelithibitisha kwa watu watatu wasiosalimiana.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya. Habari zangu zilitangulia kabla sijafika kwenye geti. Nilimkuta mzee Kagaruki ameketi nje ya nyumba yake, juani, amevaa suti na tai, anasoma Biblia. Nilikaa ng'ambo ya barabara dakika kumi na mbili na hakugeuza ukurasa. Ni Walutheri. Hilo lisome ukiwa umekaa.

Kazi iliisha saa tisa na nusu. Ningerudi, lakini miguu ilikuwa imeshapata moto. Nikavuka mto Kanoni nikaingia Kashai, ambako sikuwa na shughuli yoyote, nikarudi nyumbani saa kumi na mbili. Sijui niliwaza nini muda wote huo. Nadhani sikuwaza.

Swali moja. Asha anasema wao walishatuma mtu wao kwenu tangu mwezi wa saba. Mlimpokea vipi?

Dada yako,
Benigna


Ijumbi, Muleba
22 Septemba 2024

Dada,

Waitu, nakushukuru kwa kazi uliyofanya. Goti la Renatha limehamia upande wa pili. Kahangwa amenunua redio kubwa, sasa tunaisikiliza wote. Annastella amekuwa kimya wiki hizi mbili. Anarudi kazini, anakula kidogo, analala, hata simu haigusi. Nadhani ni malaria, ingawa yeye ndiye muuguzi na anasema si malaria.

Nilikaa chini kama ulivyoelekeza, kesho yake nikasimama. Padri anasema kwa Mlutheri kuna fomu ya kujaza. Kama ni fomu, tutajaza. Na mtu anayevaa suti juani ili kunidanganya ameniheshimu.

Habari ya mtu wao kufika huku si kweli. Hakuna mgeni aliyekuja. Alipita bwana mmoja tu wa kilimo, akaenda zake. Mwambie huyo mkaanga samaki aangalie samaki.

Na wewe acha kuzurura Kashai. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, hana mfuko, hana mwavuli, watu watasema umechanganyikiwa, na watakaoulizwa ni sisi.

Datius


Rwamishenye, Bukoba
13 Oktoba 2024

Datius,

Salamu nimezipata. Presha imeshuka hadi mia na thelathini na tano. Daktari anasema ni vidonge. Mimi nasema ni Kashai, maana vidonge nilikuwa navyo tangu zamani.

Natembea kila Alhamisi sasa. Nimemaliza Kashai, Bakoba na Miembeni, Nyanga nimeiweka akiba kwa sababu ya mlima. Mji huu una mafundi cherehani wengi kuliko nguo. Nimepata mtaa ambao kila nyumba imepakwa kijani, nikauliza sababu, nikaambiwa kuna mtu alinunua rangi nyingi mno mwaka juzi.

Alhamisi iliyopita, Miembeni, nilimwona mzee amevaa gambuti siku ya jua kali, daftari la jalada gumu kwapani, anatembea polepole akitazama mapaa. Nilimtambua kama Asha alivyonitambua mimi.

"Unapeleleza nyumba ya nani?" nikamuuliza.

"Ya kijana anayemtaka mjukuu wa rafiki yangu. Na wewe?"

"Mimi nilimaliza yangu. Natembea tu."

"Hakuna mtu anayetembea tu," akasema. "Wewe ndiye uliyepita kwa kaka yangu mwezi wa nane. Ulimkalisha juani na suti ya harusi yake."

Ni Rugaibula, mdogo wake Kagaruki, bwana misitu mstaafu. Tulitembea pamoja hadi ziwani. Njiani nikamwuliza aliona nini kwenu, akafungua daftari akasoma. Nilimwomba ninakili. Hii hapa, bila kuongeza neno:

"Ijumbi, 18 Julai. Kibanja kikubwa, kahawa nzuri. Migomba kadhaa ina mnyauko. Aliyenipokea ni Datius, baba wa binti. Anasema yeye ni kibarua. Mwenye kibanja hayupo, ni mlevi, anaishi Rubafu na mwanamke mwingine. Mama mmoja aliyekuwa akimenya ndizi anasema ni jirani, amekuja kuazima kisu."

Taarifa hiyo ilisomwa mbele ya familia yao tarehe 7 Septemba. Sasa sikiliza. Annastella alikuwa amemwambia kijana kwamba kibanja ni cha babu yake na wewe ndiye uliyerithi. Hamugembe hawasemi kwamba wewe ni maskini. Wanasema yeye ni mwongo. Ndyamukama hajampigia simu tangu siku hiyo, na wazee wake watatoa uamuzi mwisho wa Novemba. Hiyo ndiyo malaria yako.

Sikumweleza Rugaibula chochote. Nataka kusikia kwako kwanza. Ulimwambia nini mtu yule, na kwa nini? Esther anarudi Jumanne. Jibu lirudi naye.

Benigna


Ijumbi, Muleba
20 Oktoba 2024

Dada,

Leo sina salamu.

Ni kweli. Alikuja mtu na gambuti na daftari, akapita katikati ya migomba bila kubisha hodi, akainua majani, akaandika. Mtu gani anayeinua majani ya migomba ya mwenzake akaandika? Nikajua ametoka Maruku, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, anahesabu mnyauko. Nilikuwa na mashina kumi na moja yanayoumwa. Majani ya njano nilikuwa nimeyakata, usaha wa shina nikaufunika udongo, nikawaza kwamba yatapona. Kama angejua ni yangu angesema ng'oa, fukia, na pengine ung'oe na yaliyo jirani. Mashina yale aliyapanda tata, baba yetu.

Akauliza, "Wewe ndiye Datius?" Jina langu nililikubali, nikadhani kalipata kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akauliza, "Kibanja ni chako?" Nikasema mimi ni kibarua. Ukishasema hivyo lazima mwenyewe apatikane, na mwenyewe lazima awe mbali. Rubafu ndiko mbali nilikokumbuka. Ulevi na mwanamke niliongeza ili asiende kumtafuta.

Renatha alikuwa anasikia. Ndiye aliyejiita jirani. Hatukukubaliana, aliingia mwenyewe, na kisu aliondoka nacho kweli mpaka kwa Kahangwa.

Annastella alikuwa kazini. Hajui lolote. Nifanye nini?

Datius


Rwamishenye, Bukoba
27 Oktoba 2024

Datius,

Mimi ni mzima. Nilicheka, nikaacha, nikaanza tena wakati wa misa.

Mambo mengi ya posa shangazi anaweza kuyasemea. Kibanja siwezi. Nikienda mimi watasema karani amekuja kurekebisha kumbukumbu. Aliyekikana ndiye atakayekikiri, kwa mdomo wake na mchana.

Kwa hiyo, kwanza kata mashina yale, yote, uyafukie, na panga ulichome motoni kila unapohamia shina jingine. Usiende kusema kibanja ni chako huku unaogopa kukigusa. Pili, mwambie Annastella kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Tatu, njoo Bukoba. Tutashuka Hamugembe pamoja, kwa miguu, tukisalimia kila mlango. Utachekwa. Vaa shati jeupe.

Mwambie Renatha arudishe kisu.

Benigna


Ijumbi, Muleba
17 Novemba 2024

Dada,

Waitu, nilikuja Bukoba Alhamisi na nikaondoka bila kukusalimia. Usikasirike kabla hujamaliza ukurasa. Nilijua ungenishika mkono mpaka getini, na mtu wa miaka hamsini na saba hapelekwi kukiri kama anapelekwa komunyo ya kwanza.

Mashina nilikata. Yalikuwa kumi na matatu, mawili nilikuwa nimekuficha hata wewe. Annastella nilimwambia jikoni. Alinitazama kama anavyotazama kidonda, akauliza, "Tata, hali hii ilianza lini?" Halafu akachukua jembe akaja kufukia pamoja nami, na hakusema neno lingine mpaka shina la tisa. La tisa alisema, "Mama naye."

Nilishuka stendi saa sita. Nia ilikuwa kwenda moja kwa moja. Nilipofika kwenye geti la bluu miguu ikapitiliza. Nikaenda mpaka Kashai, nikaona wanavyouza senene waliokwisha kunyonyolewa, nikarudi. Nikapitiliza tena. Nikaenda Miembeni, nikausoma ukuta wa shule wote. Nimeuona mji wako, dada. Una ngazi nyingi mno kwa mji wa watu wanaojifanya hawana haraka.

Mara ya tatu Asha akanipa kiti.

"Mzee, wewe ni wa binti yupi? Wa Muleba alishapita mama mmoja."

"Ni huyohuyo wa Muleba."

"Hakuna familia inayotuma watu wawili," akasema, akampa mteja samaki na habari kwa pamoja.

Nilipopita mara ya nne mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Ndyamukama ana binti wa pili, wa Karagwe, tajiri. Mwanamke mmoja alitoka na ndoo tupu ili anione vizuri. Ndipo geti likafunguka, Kagaruki akatoka. Hakuwa na suti, alikuwa na ndara.

"Mzee, umepita mara nne. Ingia, au nikuletee kiti huku barabarani."

"Mimi ni Datius wa Ijumbi."

"Yule kibarua?"

"Mwenye kibanja," nikasema.

Kagaruki akamwita Rugaibula, naye akaja na daftari. Walinikalisha sebuleni. Kijana alikuwa pale, anafungua nyuma ya jokofu lao, hakugeuka. Nikaeleza yote, Maruku, mnyauko, Rubafu. Kokuberwa alitoka nje katikati ya maelezo na nikamsikia akicheka jikoni. Kweli anasikika barabarani.

Rugaibula hakucheka. "Mashina mangapi?"

"Kumi na matatu. Yamekatwa."

"Na yule mama wa kisu?"

"Mke wangu."

"Binti alijua haya?"

"Hakujua. Aliyowaambia yeye ndiyo kweli. Mwongo ni mimi."

Aliandika polepole, nikamsubiri amalize. Kijana akaweka bisibisi chini, akachukua simu yake, akatoka. Sikuambiwa anampigia nani, nami sikuuliza. Walinipa chai na kahawa ya kutafuna. Nilipoaga, Kagaruki akasema neno moja, "Tutawajulisha."

Mpaka leo hawajatujulisha. Annastella ameanza kula, lakini simu akipigiwa anaipokelea nje.

Datius


Rwamishenye, Bukoba
8 Desemba 2024

Datius,

Mara nne mbele ya geti la watu na hata mara moja mbele ya langu. Nimeliandika hilo.

Habari za kule ninazo. Walikaa vikao viwili. Kuna shemeji yao aliyesema mtu anayeweza kukana kibanja anaweza kukana na mkwe. Rugaibula akamjibu kwamba katika miaka thelathini ya misitu amewauliza watu elfu moja mti huu ni wa nani, na wewe ndiye wa kwanza aliyepanda basi kuja kurekebisha jibu. Watakuja tarehe 28. Watu saba. Lakini shemeji yule yumo kati ya hao saba, na amesema hataketi mpaka aridhike. Wakirudi bila kuketi, jambo limekwisha, na jina la uongo litabaki kwa mtoto. Kwa hiyo usinywe chochote kabla hawajafika, na usitoe hotuba.

Mimi siji. Niliteguka kifundo cha mguu kwenye ngazi za Nyanga, nilipokuwa nimesimama kutazama mbuzi aliyepanda juu ya gari la mtu. Daktari ameniambia nikae wiki nne. Nimemwambia mbili.

Niandikie kama ilivyokuwa, bila kupamba.

Benigna


Ijumbi, Muleba
29 Desemba 2024

Dada,

Pole na mguu. Renatha anakusalimu, magoti yote mawili ni mazima tangu jana, sijui kwa nini. Naandika kama ulivyotaka.

Walifika saa saba na robo, watu saba kamili, Rugaibula mbele na gambuti zimeoshwa. Huku kwetu tulikuwa kama arobaini. Viti vilikuwa tayari uani, majani mabichi yametandikwa chini. Wakasimama mbele ya viti. Shemeji yao, mrefu, mwembamba, aliikunja mikono kifuani. Ndyamukama alikuwa nyuma yao anaangalia ardhi. Annastella alikuwa mlangoni, ingawa desturi inasema awe ndani.

Rugaibula akasalimia, tukaitikia. Kisha akasema, "Waitu, tumetoka mbali na tumechoka. Lakini hatuwezi kuketi kwa mtu tusiyemjua. Tunamtafuta mwenye kibanja hiki. Tulipokuja mara ya kwanza tuliambiwa hayupo."

Watu wetu hawakuwa wanajua. Wengine walianza kucheka wakidhani ni utani wa posa, wakaona wageni hawacheki, wakaacha. Kahangwa alikwenda mwenyewe kuzima redio. Nilikuwa nimeandika hotuba, kurasa mbili, najua ulinikataza. Ilikuwa mfukoni. Nilisimama nikaiacha hukohuko.

"Ni mimi," nikasema.

Shemeji yao akauliza, "Na siku ile?"

"Siku ile pia nilikuwa mimi. Kibanja kilikuwa kinaumwa, nikaona aibu, nikakikana. Binti yangu aliwaambia kweli."

"Sasa kimepona?"

"Bado. Nimekata kumi na matatu, na wiki hii nimeona la kumi na nne. Liko pale nyuma ya choo, mkitaka kuliona."

Akaenda kuliona. Dada, alikwenda kweli, na Rugaibula nyuma yake, na sisi wote tukasimama tunasubiri watu wawili watoke nyuma ya choo. Walirudi. Yule mrefu alikuwa na udongo kwenye viatu vyake vizuri. Akawageukia wenzake.

"Yupo," akasema.

Wakaketi.

Datius